Breki ya Séverin

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Mwalimu wetu wa Kiingereza ametutaka tuandike kitu kila siku ili mkono uzoee. Hakusema tuandike kwa lugha gani. Mimi naandika Kiswahili, na akiuliza nitamwambia mkono unaendelea kuzoea.

Naanza na habari ya kazini. Karakana yetu hapa Tyseley imepata mteja mpya, kampuni inayowauzia vifaa wawindaji wa kulungu huko Scotland. Wanataka kitu cha kufunga kwenye mdomo wa bunduki. Kuna vya aina mbili. Kimoja ni breki: kina matundu ubavuni yanayotupa hewa ya baruti kando, ili bunduki isimpige mtu teke begani. Cha pili sisi tunakiita kificha-moto: kina mipasuko kwa mbele, nacho hupunguza ule mwali unaoruka risasi inapotoka. Mteja atachukua kimoja tu, na mashine yetu ya kukereza inayoweza kazi hiyo ni moja tu. Mzee Chhotubhai, mwenye karakana, amesema tutajaribu hadi karibu na Krismasi ndipo uamuzi utolewe.

Nilidhani ni suala la kazi tu. Kumbe mume wangu Séverin, ambaye ndiye fundi wa mashine hiyo, alikuwa na lake. Aliweka kikombe cha chai chini, akasema mbele ya watu wote, "Mzee, breki nitakutengenezea. Ile ya kuficha moto, apana. Utafute mutu mwingine."

Mzee Chhotubhai alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake ni cha huko. Alicheka. "Séverin bwana, wewe ni fundi ama ni pastor?"

Séverin hakucheka, na chai yake ikapoa hapo mezani.

Jumanne, 2 Septemba

Nimemuuliza nyumbani, kwa upole, maana nilijua kuna kitu. Akanisimulia ile habari ambayo kwa kawaida huniambia vipande vipande. Wakati huo alikuwa kijana, kijijini kwao, juu ya Masisi. Watu walikuja na bunduki wakati hakuna mwezi. Yeye aliona mwali upande wa shule, akamshika mama yake mkono, wakakimbilia upande wa migomba.

"Bale batu kama bangekuwa na ile kintu, miye singeona moto," alisema. "Ningemupeleka mama palepale kwenye balikuwa. Unaelewa? Moto njo ilituokoa."

Nikamwambia hivi ni vya kulungu.

"Leo ni kulungu. Kesho itauzwa fasi gani? Haujue. Miye pia sijue."

Bomu lililolipuka njiani siku chache baada ya usiku ule ndilo lililoharibu sikio lake la kulia, na tangu hapo la kushoto linafanya kazi ya mawili. Niliosha vyombo huku nikijiambia kwamba nimeolewa na mwanaume, si suruali. Nilijivuna kweli.

Jumamosi, 6 Septemba

Jaribio la kwanza, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa nje ya mji. Anayepiga bunduki ni Bethuel, Mkenya aliyewahi kuwa mwanajeshi wa hapa, mwenye leseni na maneno mengi. Ana nyumba mpya Longbridge, na ukikaa naye dakika mbili utakuwa umeshaijua jikoni hadi bafuni. Simpendi.

Séverin amerudi amelowa, ananuka baruti, anacheka peke yake. Anasema breki inaimba.

Jumapili, 7 Septemba

Kwaya yetu leo iliwatoa watu machozi. Kanisa letu linakodi godauni la zamani pale Digbeth, na ukiimba vibaya mabati yanakurudishia aibu yako. Hatutumii kinanda. Séverin hupita mstari kwa mstari akiwapa watu sauti zao kwa kuguna chini chini, soprano kwanza, kisha alto, tenor, halafu besi, na kila mtu huipokea sauti yake na kuishika kama alivyopewa. Hakuna anayeuliza. Kwa miaka yote hii hajawahi kumpa mtu sauti ambayo si yake.

Akisikia mtu ametoka nje ya sauti yake, husimama mbele yake na kumtazama viatu. Ndivyo tulivyojuana kwenye kambi ya wakimbizi Uganda. Nilikuwa nakosea makusudi ili asimame mbele yangu.

Jumatano, 10 Septemba

Mvua. Mtihani wa Kiingereza. Nimefeli sehemu ya kusikiliza.

Jumatatu, 15 Septemba

Séverin ameitoa breki kwenye boksi, akachukua tupa ndogo, akasugua tundu moja la kushoto kidogo sana, nywele tu. Eti Jumamosi lilikuwa linatoa sauti ya chini kuliko mwenzake. Mzee Chhotubhai alipima kwa kifaa, akakuta kweli kulikuwa na tofauti. Akaniangalia. "Mama Merveille, huyu bwana yako ana masikio ya aina gani?"

Nikamjibu kwamba ndiyo yaliyonioa. Karakana nzima ilicheka, hata mimi.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimemwita chakula mara tatu kutoka jikoni. Hajaitika. Nilipomfuata akasema, "Ah, umeniita?" Umaarufu umeanza kumpanda kichwani.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nyumba imechafuka. Binti yetu Merveille, ambaye ana miaka kumi na tano na Kiswahili anakielewa ila anajibu kwa Kiingereza, alimwomba baba yake ruhusa ya kwenda Wales na shule. Nilikuwepo. Séverin alisema, "Yes, yes," akatabasamu. Leo basi la shule limeondoka naye, na baba mtu amekuja kwangu akiwaka moto: mtoto amekwenda wapi, nani amemruhusu?

"Wewe ndiye uliyemruhusu," nikamwambia.

"Miye? Wakati gani?"

Nikamwambia aache kujifanya mzungu mwenye mambo mengi. Amekwenda kulala bila kula.

Jumatatu, 6 Oktoba

Merveille amerudi, amelowa, ana furaha. Aliposikia ugomvi uliotokea akaniambia, "Mum, he literally said yes." Najua, mwanangu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Jaribio tena. Wameandaa breki ya pili, yenye matundu makubwa zaidi. Bethuel alimshusha Séverin mlangoni, akataka kuniambia jambo. Nikamwambia nina mboga motoni, nikafunga mlango. Sikuwa na hamu ya kusikia habari za Longbridge.

Jumanne, 14 Oktoba

Séverin amefungua friji kwa nyuma. Vipande vyote viko sakafuni, maziwa yako dirishani. Anasema kuna kitu kinapiga filimbi humu ndani tangu juzi na lazima akipate. Juzi alifungua ile mashine ya maji ya moto. Mimi sisikii filimbi yoyote. Nimemwambia labda ni dhamiri.

Jumatano, 15 Oktoba

Friji imerudi mahali pake. Filimbi bado ipo, anasema.

Jumapili, 19 Oktoba

Kwaya ilikuwa sawa, ila nyimbo zote alizochagua ni za zamani, zile ambazo watu wanaziweza hata wakiwa usingizini. Magloire, kijana wa besi anayemsaidia, alimuuliza kuhusu wimbo mpya wa Krismasi. Séverin akasema, "Tutaona."

Jumatano, 22 Oktoba

Nitaandika ninachofikiri, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Nafikiri kuna mwanamke. Nikiongea naye nikiwa nyuma yake hanijibu. Nikimsimulia jambo garini anasema "mm" mahali pasipotaka "mm". Televisheni anaiweka juu hadi majirani wanagonga ukuta, kama mtu asiyetaka kuzungumzishwa. Na kila Jumamosi anaondoka na Bethuel, anarudi amechangamka. Majaribio ya bunduki gani hayo yasiyokwisha?

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimemnunia. Tangu asubuhi sijamsemesha neno hata moja. Tuone atavumilia mpaka lini.

Jumatatu, 3 Novemba

Wiki nzima nimenuna. Hajauliza kitu. Analala vizuri, anakula vizuri, asubuhi ananibusu kichwani na kwenda kazini. Roho inaniuma sana. Sikujua kwamba naweza kunyamaza nyumbani kwangu wiki nzima na pasiwe na mtu wa kugundua.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo nimekwenda nao machimboni. Nilimwambia Mzee Chhotubhai nataka kuiona kazi ya mikono yetu, maana na mimi napima na kusugua vile vyuma. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona kama huko wanakokwenda kupo.

Kupo. Ni shimo kubwa lenye matope na kuta za mawe. Bethuel alilala kifudifudi juu ya mkeka wake, bunduki mbele. Alinipa viziba-masikio, vile vikubwa kama bakuli mbili, akaniambia nisimame nyuma ya gari.

"Mama Merveille, si ukae huko kabisa," alisema. "Hii breki inamsaidia anayepiga, lakini mtu wa kando ndiye anapata noma. Hewa yote inatupwa kwake."

Risasi ya kwanza niliisikia kifuani, nikiwa nyuma ya gari, nikiwa nimeziba. Nilipofumbua macho nikamtafuta Séverin. Alikuwa amepiga goti kando ya bega la Bethuel, sambamba kabisa na yale matundu. Sikio la kulia, bovu, lilikuwa limezibwa. Kwenye sikio la kushoto alikuwa ameshika kile kibakuli kwa vidole viwili na kukivuta mbali. Kichwa amekiinamisha. Macho amefumba.

Mimi nakijua kile kichwa. Ndivyo anavyosimama mbele ya soprano.

Bethuel akapiga tena. Mwili wote wa Séverin ulishtuka. Kisha akainua kidole gumba, akaashiria tundu la nyuma: hilo bado.

Nilikimbia kwenye matope nikipiga kelele. Bethuel aliniona, akaitoa risasi na kuiweka bunduki chini. Séverin hakugeuka mpaka nilipomshika bega.

"Unafanya nini?" nikamuuliza. Akatazama mdomo wangu. Nikarudia, akatazama mdomo wangu tena, ndipo nikaelewa kwamba ni muda sasa amekuwa akinitazama mdomo, na mimi nilidhani ananikwepa macho.

Bethuel alikuwa amesimama. Hakuwa na ile sauti yake ya majigambo. "Mama, nimemwambia kila Saturday. Nikaambia Mzee, Mzee akamnunulia hizi nzuri zaidi. Bado anazivuta. Nilitaka kukuambia ile siku, ukasema uko na mboga."

"Nikifunga masikio, nitajua je kama iko sawa?" Séverin alisema. Alisema kwa nguvu mno, kama wanavyosema watu wasiosikia sauti yao wenyewe. "Mashine inapima chuma. Sauti haipime. Kama breki haiko muzuri, Mzee atachukua ile ingine. Unajua ile ingine ni nini, Jeanne."

"Na kwaya?"

Hakusikia. Nikamshika uso kwa mikono yangu yenye matope, nikarudia.

"Itarudia," akasema. "Imechoka tu. Kama koo ya mutu mwenye aliimba sana."

Njia nzima ya kurudi nilikaa naye nyuma, nimemshika mkono, nikitazama mvua dirishani. Nilimnunia wiki nzima mtu ambaye hakuwa akinisikia hata nilipokuwa nikisema. Alikuwa akinibusu kichwani kila asubuhi kwa sababu kwake yeye nyumba ilikuwa vilevile. Nina hasira naye ambazo sijawahi kuwa nazo, na nampenda, na vyote viwili vinaniuma mahali pamoja.

Jumatatu, 10 Novemba

Mzee Chhotubhai alikuja nyumbani bila kupiga simu. Siku zote nimemwona mtu wa mashine tu, anayehesabu hata misumari. Leo alikaa jikoni kwetu na koti lake, hakugusa chai.

"Séverin, kuanzia leo hakuna kwenda range kule machimbo," alisema, akimtazama usoni. "Na breki pia nimesimamisha mpaka daktari aseme. Mimi nikiwa kijana nilikuwa na kaka mkubwa, alikuwa kwa viwanda vya pamba. Alizeeka bila kusikia watoto wake. Sitaki hii kitu kwa karakana yangu."

Séverin alimwambia breki iko karibu kuwa tayari, kilichobaki ni tundu moja tu.

"Bwana, wacha tundu," Mzee akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimsindikiza hadi kwenye gari, kitu ambacho sikuwahi kumfanyia.

Alhamisi, 13 Novemba

Baridi. Tumepata miadi ya kliniki ya masikio kwa sababu mtu mwingine hakutokea.

Jumanne, 18 Novemba

Kliniki. Walimfungia ndani ya chumba kidogo chenye kioo, wakampa kitufe, abonyeze akisikia mlio. Mimi na Merveille tulikaa nje tukimwona. Milio mingine niliisikia hata mimi, kwa mbali, kupitia ukuta. Yeye alikuwa ameshika kitufe kwa mikono miwili, mwenye adabu, akisubiri.

Daktari alieleza kwa Kiingereza, haraka. Séverin alikuwa akitikisa kichwa na kusema yes, yes. Merveille akasimama. Akazunguka meza, akachuchumaa mbele ya baba yake ili nyuso zao zitazamane, akaanza kusema Kiswahili. Kabla ya hapo sijawahi kumsikia akitoa sentensi mbili mfululizo kwa lugha hiyo.

"Baba. Niangalie. Daktari anasema masikio ya ndani imekufa. Haiwezi kurudi. Kifaa atakupa, utasikia sauti, lakini maneno... maneno itakuwa ngumu. Na muziki."

"Muziki je?"

Merveille akanitazama mimi. Kisha akajikaza, akamgeukia tena. "Muziki hapana, Baba."

Séverin akampiga piga begani, akamwambia, "Unasema Swahili muzuri." Mtoto akatoka nje na kulia kwenye korido. Mimi nilibaki ndani kwa sababu mmoja wetu ilibidi abaki.

Jumapili, 23 Novemba

Hakutaka niwaambie watu kanisani. Amevaa kifaa chini ya kofia. Anasema kwa kifaa hicho watu wote wanasikika kama wanakunja mifuko ya nailoni.

Jumatano, 3 Desemba

Mazoezi ya kwaya. Nilimwomba ampishe Magloire kwa Krismasi hii tu. Akasema nyimbo anazo kichwani, kichwa hakijaharibika. Leo tumepitia maneno tu, sauti hajazitoa.

Ijumaa, 5 Desemba

Theluji kidogo, imeyeyuka kabla ya saa sita. Séverin bado yuko nyumbani kwa cheti cha daktari. Kwenye mashine nimewekwa mimi, maana yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Kwa sasa nakereza vipuri vya pampu.

Jumapili, 14 Desemba

Sikukuu ya nyimbo za Krismasi. Godauni lilijaa hadi mlangoni, watu wametoka Coventry na Leicester, watoto wamevaa mabawa ya karatasi.

Séverin alivaa suti ya harusi yetu. Akapita mstari kwa mstari kama kawaida, akiguna. Nilikuwa kwenye alto. Alipofika kwetu akatupa sauti, nikajua palepale kwamba si yetu. Ilikuwa imeshuka, haikuwa hata karibu na ile aliyowapa soprano. Nilimtazama. Alikuwa na amani usoni. Akaenda kwa tenor, akawapa nyingine isiyo na ndugu. Magloire kwenye besi alipokea yake na midomo ikaanza kumcheza.

Mtu yeyote wa nje angeiacha sauti hiyo na kushika iliyo sahihi. Sisi tuliushika uongo aliotupa, wote, kwa imani, kwa sababu tangu kwaya hiyo ianze hakuna aliyewahi kutilia shaka sauti iliyotoka kwa Séverin. Mikono yake ikapanda, tukaimba.

Sitaki kuieleza. Mabati yalitetemeka. Watoto wenye mabawa waliziba masikio. Na yeye alikuwa mbele yetu, mikono imefunguka, machozi yanamtoka kwa furaha, anaongoza wimbo aliokuwa akiusikia kichwani mwake, na huko kichwani naamini ulikuwa mzuri. Tulimaliza beti zote. Hakuna aliyethubutu kuacha.

Watu walipiga makofi. Mungu awabariki, walipiga makofi kwa nguvu sana. Lakini Séverin si mjinga. Alitutazama nyuso, mmoja baada ya mwingine, soprano hadi besi, na mikono yake ikashuka polepole. Akaja kunitazama mimi mwisho. Nilijaribu kutabasamu.

Nyumbani aliivua suti, akaitundika, akasema, "Kwa nini hamukuacha?"

Nikamwambia hatujui kuimba bila yeye. Sijui kama aliniona midomo, nilikuwa nalia.

Jumanne, 16 Desemba

Magloire alikuja. Waliketi magoti kwa magoti. Séverin akamwambia, "Uchukue batu ba kwaya, ndugu yangu. Banakupenda." Magloire akajaribu kukataa, Séverin akamwambia aseme polepole, na bado hakumwelewa. Kwa hiyo ilibidi Magloire akubali, maana kukataa kulihitaji maneno mengi.

Ijumaa, 19 Desemba

Mzee Chhotubhai ameniita ofisini. Mteja wa Scotland ameamua. Wanataka kificha-moto.

Nikauliza breki imekosa nini. Nilisema kwa ukali, kama kwamba yeye ndiye aliyeamua. Alivua miwani.

"Niliwatumia breki vile tuliiacha, na wanasema yenyewe ni safi, hawajaona yenye kutulia kama hii. Lakini wawindaji wao wanatembea na guide wa kuwaonyesha kulungu, mama. Guide anasimama kando ya bunduki. Wanaogopa itaharibu masikio yake."

Nje forklifti ilikuwa ikipiga honi.

"Ningeweza kukataa hii order," Mzee akasema. "Lakini hawa watu wote hapa, na wewe, na cheti cha Séverin... Nitamwambia mwenyewe. Nimemwangusha."

Nikamwambia hapana, nitamwambia mimi.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimekereza vificha-moto kutwa nzima. Ni kazi rahisi kuliko breki, mipasuko minne mirefu, basi. Sikuharibu hata kimoja, jambo ambalo limenishangaza na kunisikitisha.

Bethuel alipita kuchukua kimoja cha kujaribu. Alisimama karibu na mashine, kofia mkononi, hajui pa kuanzia. Siku hizi ndiye anayemletea Séverin magazeti, na hajaitaja Longbridge tangu siku ile. Nilimkosea sana mtu huyu.

"Mama, Séverin aliniambia kwa nini hakutaka hii," alisema. "Ile story ya kwao. Sikuwa na roho ya kumwambia. Lakini hii kitu haimfichi mtu hivyo. Ukiwa mbele usiku, bado utaona moto, labda mdogo. Kazi yake ni macho ya mwenye anapiga, asipofuke na mwanga wake. Hata wangekuwa nayo huko kwao, nadhani angeona tu."

Nikazima mashine. Nikamwomba tafadhali asimwambie hayo maisha yake yote. Akasema hatamwambia.

Kisha nikaiwasha tena, maana vilikuwa bado vingi.

Jumatano, 24 Desemba

Tumefunga kazi saa saba mchana. Nimefika nyumbani mikono ikinuka mafuta ya mashine. Merveille alikuwa ameketi sebuleni akijifunza mbele ya kioo kusema Kiswahili huku akifungua midomo vizuri. Séverin alikuwa jikoni anamenya viazi. Nilisimama upande wenye mwanga, kama tulivyofundishwa kliniki, nikamgusa mkono.

Akaniuliza kabla sijasema. "Mzee alichagua nini?"

Nilikuwa nimejiandaa tangu Ijumaa. Nilikuwa na maneno yote, ya Scotland, ya guide, hata ya namna ya kumshika asianguke. Nikamtazama yale macho yanayosubiri kwenye mdomo wangu.

"Breki," nikasema. "Wamechukua breki yako."

"Banaipenda?"

"Wanaipenda sana. Wanasema hawajaona yenye kutulia kama hiyo."

Nikidanganya sauti yangu hupanda kidogo mwishoni. Miaka yote ya ndoa yetu sijaweza kumdanganya hata juu ya bei ya samaki, huwa ananikamata kabla sijamaliza neno, na tunacheka. Leo pia ilipanda. Nilijisikia mwenyewe, nikasimama pale nikingoja anikamate. Niliomba anikamate.

Aliifuata midomo yangu hadi mwisho. Akatabasamu, akamshukuru Mungu, "Merci, Nzambe," akarudi kwenye viazi vyake.